Mabwana watatu wa deni la elimu Marekani

*Bunge huandika masharti, soko la hatifungani hupanga riba, na mahakama huamua kama ahadi ya Rais itasimama. Anayelipa ni mdaiwa na familia yake.*

Kila mwaka katikati ya mwezi wa Mei, Wizara ya Fedha ya Marekani huuza kwa mnada hatifungani za serikali za miaka 10, yaani hati ambazo anayezinunua huwa ameikopesha serikali fedha kwa muda huo ili alipwe riba, na mnada huo wa siku moja ndio unaoamua riba ya mikopo yote ya serikali kuu itakayotolewa kwa wanafunzi wa vyuo kuanzia tarehe 1 Julai ya mwaka huo hadi tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Hesabu yenyewe imewekwa na sheria iliyopitishwa mwaka 2013. Kiwango cha faida ambacho wawekezaji wamekubali kwenye mnada huongezwa asilimia 2.05 kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, asilimia 3.6 kwa anayesoma shahada za juu, na asilimia 4.6 kwa mkopo ambao mzazi humchukulia mtoto wake, ilimradi riba ya shahada ya kwanza isizidi asilimia 8.25.

Mei 2020, wakati janga la korona lilipowafanya wawekezaji kukimbilia usalama wa hati za serikali huku Benki Kuu ya Marekani ikinunua hati hizo kwa wingi, mnada ulifungwa kwa asilimia 0.70, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza akakopeshwa kwa riba ya asilimia 2.75. Mei 2024, baada ya mfumuko wa bei uliofikia asilimia 9.1 mwezi Juni 2022 na Benki Kuu kupandisha riba yake kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 ili kuudhibiti, mnada ulifungwa kwa asilimia 4.483, na riba ya mwanafunzi ikawa asilimia 6.53.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri ikiwekwa katika mkopo mmoja. Dola 30,000 zinazolipwa kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 2.75 zinahitaji rejesho la takriban dola 286 kwa mwezi, ilhali kwa riba ya asilimia 6.53 rejesho hilo hufika dola 341, kiasi kwamba mdaiwa wa pili, ambaye pengine amesoma fani ileile katika chuo kilekile, atakuwa amelipa zaidi ya dola 6,500 za ziada mpaka siku ya mwisho, kwa sababu tu alizaliwa miaka minne baadaye.

Kwa kuwa mwanafunzi hukopa upya kila mwaka, hata deni la mtu mmoja hubeba alama za minada kadhaa. Aliyeanza chuo mwaka 2020 akamaliza mwaka 2024 bila kupoteza muda ana mikopo minne yenye riba nne tofauti, yaani asilimia 2.75, 3.73, 4.99 na 5.50, na kila moja itaendelea hivyo hivyo hadi mkopo wake utakapokwisha, kwa kuwa riba ikishawekwa haibadiliki.

Wamarekani wapatao milioni 43 wanadaiwa mikopo ya aina hii, na jumla yake ni takriban dola trilioni 1.6. Soko, hata hivyo, ni bwana mmoja tu kati ya mabwana watatu wa deni hilo. Wa pili ni Kongresi, yaani Bunge la Marekani lenye Baraza la Wawakilishi na Seneti, inayoandika masharti. Rais na Wizara yake ya Elimu ni watekelezaji wa masharti hayo, na mara nyingine hujaribu kuyalegeza. Bwana wa tatu, mahakama, huamua kama ulegezaji huo ni halali. Kila mmoja ana kalenda yake na mantiki yake, na hakuna hata mmoja anayelazimika kutazama kalenda ya nyumba inayosubiri kujua mwezi ujao italipa kiasi gani.

Kutoka Sputnik hadi San Marcos

Mikopo ya serikali kuu kwa wanafunzi ilizaliwa na hofu. Umoja wa Kisovieti uliporusha angani setilaiti ya Sputnik mwezi Oktoba 1957, viongozi wa Marekani waliona kwamba nchi yao ilikuwa inaachwa nyuma katika sayansi, na mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower akatia saini sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, iliyotenga fedha za kuwakopesha wanafunzi kwa riba ndogo.

Miaka saba baadaye, tarehe 8 Novemba 1965, Rais Lyndon Johnson alirudi San Marcos, Texas, katika chuo alichosoma yeye mwenyewe kwa kukopa na kufanya vibarua, akatia saini pale Sheria ya Elimu ya Juu ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa mfumo mzima. Dhamira yake ilikuwa njema na inastahili kutajwa hivyo: mtoto wa maskini asizuiwe mlangoni kwa kukosa ada.

Mwanzoni mkopo ulikuwa nyongeza tu. Mwaka 1972 Kongresi ilianzisha ruzuku kwa wanafunzi wa kipato cha chini, fedha zisizorudishwa ambazo baadaye zilipewa jina la Seneta Claiborne Pell, na katikati ya muongo huo kiwango cha juu cha ruzuku hiyo kiliweza kugharimia takriban robo tatu ya masomo katika chuo cha umma cha miaka minne. Leo hufikia kama theluthi moja. Majimbo nayo yalipunguza fedha yanazovipa vyuo vyao, hasa baada ya mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008, vyuo vikapandisha ada, na pengo likajazwa na deni.

Uamuzi wa kuifunga riba kwenye mnada wa hatifungani ulitokana na uchovu wa kisiasa. Kwa miaka kadhaa Kongresi ilikuwa ikipanga riba kwa kura, na tarehe 1 Julai 2013 riba ya baadhi ya mikopo iliruka kutoka asilimia 3.4 hadi 6.8 kwa sababu tu vyama viwili vilishindwa kuafikiana kwa wakati. Wiki chache baadaye, Agosti 2013, Rais Barack Obama akatia saini sheria iliyokabidhi kazi hiyo kwa soko. Wabunge walipumua, kwa kuwa tangu hapo riba ikipanda hakuna anayeweza kuonyeshewa kidole.

Siku soko lilipokauka

Kabla ya mwaka 2010, sehemu kubwa ya mikopo hii ilitolewa na benki na kampuni binafsi chini ya udhamini wa serikali, utaratibu ambao uliwapa wakopeshaji faida huku hasara ikibebwa na mlipakodi. Kampuni kubwa kuliko zote, Sallie Mae, ilianzishwa mwaka 1972 kama chombo cha serikali na kufikia mwaka 2004 ilikuwa imebinafsishwa kikamilifu.

Wakopeshaji hao hawakukaa na mikopo. Waliikusanya maelfu kwa maelfu, wakaifanya kuwa dhamana moja, kisha wakauza vipande vyake kwa mifuko ya pensheni, kampuni za bima na wawekezaji wengine, na fedha zilizopatikana zikatumika kukopesha tena. Deni la mwanafunzi wa Ohio likawa kipato cha mstaafu wa California ambaye hawajuani naye.

Msukosuko wa mikopo ya nyumba ulipoanza mwaka 2007, wawekezaji waliacha kununua dhamana zilizotokana na madeni ya aina yoyote, na kufikia mwanzoni mwa 2008 baadhi ya wakopeshaji walikuwa wamejitoa, huku ikihofiwa kwamba wanafunzi wangefika chuoni Septemba bila ada. Mwezi Mei mwaka huo Kongresi ilipitisha kwa haraka sheria ya kuiruhusu Wizara ya Elimu kuinunua mikopo hiyo, na miaka miwili baadaye utaratibu wa benki ukafutwa kabisa. Tangu Julai 2010, mikopo mipya ya mpango huo hutolewa na serikali yenyewe, na kampuni binafsi zimebaki na kazi ya kupokea marejesho na kujibu simu.

Marejesho yaliposimama

Machi 2020, korona ilipofunga shughuli, serikali ya Rais Donald Trump na Kongresi zilisitisha marejesho na kuiweka riba kwenye sifuri. Muda huo uliongezwa mara kadhaa na Trump, kisha na mrithi wake Joe Biden, hata ukafika miaka mitatu na nusu, na familia nyingi zikapanga maisha kana kwamba deni limelala.

Tarehe 24 Agosti 2022 Biden alitangaza hatua kubwa zaidi: kufuta hadi dola 10,000 za deni la kila mdaiwa mwenye kipato kisichofika dola 125,000 kwa mwaka, na hadi dola 20,000 kwa aliyewahi kupata ruzuku ya Pell. Watu wapatao milioni 26 waliwasilisha maombi au taarifa zao, na maombi ya milioni 16 yakapitishwa, baadhi wakiandikiwa barua za kuthibitisha.

> *Watu milioni 16 walikuwa wamekubaliwa. Hakuna hata dola moja ya mpango huo iliyofutwa.*

Msingi wa kisheria ulikuwa sheria ya mwaka 2003 iliyotungwa wakati wa vita vya Iraq kwa ajili ya askari wenye mikopo, ambayo ilimruhusu waziri wa elimu kufuta au kurekebisha masharti ya mikopo wakati wa vita au dharura ya kitaifa. Serikali ilidai kwamba korona ni dharura ya kitaifa, na kwamba kinachorekebishwa kinaweza kuwa hata deni lenyewe.

Missouri na dola milioni 44

Majimbo sita yaliyowakilishwa na viongozi wa chama cha Republican, yaani Nebraska, Missouri, Arkansas, Iowa, Kansas na South Carolina, yalikwenda mahakamani. Kikwazo chao cha kwanza kilikuwa kanuni inayojulikana kwa wanasheria wa nchi nyingi: anayefungua shauri lazima aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameumizwa na jambo analolipinga, na haikuwa wazi jimbo linaumizwaje raia wake anaposamehewa deni.

Jibu lilipatikana Missouri. Jimbo hilo lina taasisi ya umma iitwayo MOHELA, inayolipwa na serikali kuu kwa kusimamia akaunti za wadaiwa, na ilikadiriwa kwamba msamaha ungeifanya ipoteze ada ya takriban dola milioni 44 kwa mwaka. MOHELA yenyewe haikushtaki. Jimbo lilishtaki kwa niaba yake, na Mahakama ya Juu ikaona hilo latosha.

Tarehe 30 Juni 2023, kwa kura ya majaji sita dhidi ya watatu, mahakama iliubatilisha mpango wote. Jaji Mkuu John Roberts, aliyeandika hukumu, alisema kwamba mamlaka ya kurekebisha ni mamlaka ya kufanya mabadiliko ya kiasi na hayawezi kubeba mpango wa kufuta madeni ya takriban dola bilioni 430. Akaongeza kwamba jambo lenye uzito huo kwa uchumi na siasa linahitaji idhini ya wazi ya Kongresi. Hoja hii ya pili ilikuwa imetumika mwaka mmoja kabla katika kesi ya West Virginia kuhusu uchafuzi wa hewa, na uzito wake ni kwamba inampunguzia Rais yeyote uwezo wa kutumia sheria za zamani kutatua matatizo mapya.

Jaji Elena Kagan, akiandika kwa niaba ya wachache, alipinga vikali, akieleza kwamba majimbo hayakuwa na haki ya kufungua shauri hilo na kwamba mahakama ilikuwa imejitwalia uamuzi wa kisera uliopaswa kubaki mikononi mwa waliochaguliwa na wananchi.

Muda wa kusitishwa kwa marejesho nao ulimalizwa na siasa za deni la taifa. Mwanzoni mwa 2023, chama cha Republican kilichokuwa na wingi katika Baraza la Wawakilishi kilikataa kuongeza ukomo wa deni la taifa, yaani kiwango ambacho serikali inaruhusiwa kukopa, mpaka masharti yake kadhaa yakubaliwe, na wakati wawekezaji wakihofia kwamba Marekani ingeshindwa kulipa hatifungani zake, makubaliano yalifikiwa. Kimoja cha vipengele vya sheria iliyotiwa saini tarehe 3 Juni 2023 kilikuwa kumaliza usitishaji wa marejesho. Riba ikaanza kuhesabiwa tena Septemba, na malipo yakaanza Oktoba.

Nani abebe mzigo

Wanaopinga msamaha wana hoja zinazostahili kusikilizwa kwa makini. Wamarekani wengi wenye umri wa kufanya kazi hawana shahada ya miaka minne, na si rahisi kumweleza fundi bomba au dereva wa lori kwa nini kodi yake igharimie deni la mtu ambaye, kwa wastani, atapata kipato kikubwa kuliko yeye. Yupo pia aliyelipa deni lake kwa kujinyima, na yupo aliyechagua chuo cha bei nafuu ili asikope.

Hoja yao nyingine inagusa vyuo. Mwaka 1987 William Bennett, aliyekuwa waziri wa elimu wa Rais Ronald Reagan, aliandika kwamba mikopo ya serikali huvipa vyuo ujasiri wa kupandisha ada, kwa kuwa vinajua kwamba mwanafunzi atakopeshwa. Wachumi wamebishana kuhusu dai hilo kwa karibu miaka 40. Ushahidi una nguvu zaidi kwa vyuo vya kibiashara na shahada za juu kuliko kwa vyuo vya umma. Lakini hata anayelikataa hawezi kukana kwamba kufuta madeni ya jana bila kugusa bei ya leo kunazalisha wadaiwa wapya kesho.

Upande wa pili huanza na watu ambao wastani unawaficha. Mamilioni wana deni bila shahada, kwa kuwa waliacha chuo kwa ugonjwa, ujauzito au kazi, na hao ndio wanaoshindwa kulipa zaidi kuliko madaktari na wanasheria wenye madeni makubwa. Wengine walisoma katika vyuo vya kibiashara kama Corinthian, kilichoanguka mwaka 2015 baada ya kubainika kwamba kilikuwa kikidanganya kuhusu ajira za wahitimu wake. Wanafunzi weusi, ambao familia zao kwa kawaida zina akiba ndogo, hukopa zaidi na hulipa polepole zaidi, na wengi wao hukuta baada ya miaka kadhaa ya kulipa kwamba riba imelifanya deni liwe kubwa kuliko walichokopa.

Hoja ya mwisho ya upande huu ndiyo nzito kuliko zote. Mkataba unaosainiwa na kijana wa miaka 18 humbana yeye moja kwa moja, ilhali upande wa pili masharti ya kulipa, njia za msamaha na hata kampuni ya kumpelekea malipo hubadilika kila siasa inapobadilika. Mwaka 2007 Kongresi iliahidi kwamba mwalimu, muuguzi au mfanyakazi mwingine wa umma atakayelipa kwa miezi 120 atasamehewa kinachobaki. Wa kwanza walipofikisha miezi hiyo mwaka 2017 na kuomba, takriban asilimia 99 ya maombi ya miaka ya mwanzo yalikataliwa, mara nyingi kwa sababu ya aina ya mkopo au mpango wa malipo ambao mwombaji hakuwahi kuelezwa kwamba haukubaliki. Serikali ya Biden ilirekebisha kasoro hizo, na kwa njia hiyo na nyingine zilizokuwemo katika sheria za zamani, zaidi ya watu milioni 5 walifutiwa zaidi ya dola bilioni 180. Kwamba hilo liliwezekana chini ya sheria zilezile linaonyesha ni kiasi gani cha haki kilichokuwa kimezuiwa na uzembe wa utekelezaji.

Mlango wa ufilisi

Mmarekani aliyezidiwa na madeni ya kadi, hospitali au biashara anaweza kwenda katika mahakama ya ufilisi na kuanza upya. Kwa deni la elimu mlango huo umebanwa hatua kwa hatua: mwaka 1976 Kongresi ilisema mdaiwa asubiri miaka mitano tangu aanze kulipa, mwaka 1990 ikafanya saba, mwaka 1998 ikaondoa kabisa nafuu ya muda kwa mikopo ya serikali, na mwaka 2005 ikaijumuisha mikopo mingi ya benki binafsi.

Kilichobaki ni kuthibitisha mbele ya jaji kwamba kulipa kungeleta taabu isiyostahili. Kipimo kinachotumiwa na mahakama nyingi kilitokana na kesi ya Brunner, iliyoamuliwa mwaka 1987 na Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Pili yenye makao New York: mdaiwa aonyeshe kwamba hawezi kuishi maisha ya chini kabisa akilipa, kwamba hali hiyo itaendelea kwa sehemu kubwa ya muda wa mkopo, na kwamba amejitahidi kwa nia njema. Kwa miongo kadhaa wachache sana walithubutu kujaribu, mpaka Novemba 2022 Wizara ya Sheria ilipotoa mwongozo wa kuwarahisishia.

> *Serikali haihitaji hakimu ili kukata mshahara wa mdaiwa, bali mdaiwa anamhitaji hakimu ili afunguliwe.*

Hapa ndipo mizani inapolalia upande mmoja waziwazi. Mkopo ambao haujalipwa kwa siku 270 huhesabiwa kuwa mkopo chechefu, na kuanzia hapo sheria inairuhusu serikali, bila amri ya mahakama, kukata hadi asilimia 15 ya mshahara baada ya makato ya lazima, na pia kuchukua kodi ambayo mdaiwa angerudishiwa mwisho wa mwaka. Makato ya aina hiyo wanayajua vizuri wanufaika wa bodi za mikopo za Afrika Mashariki. Huko Marekani ukusanyaji huo wa lazima, uliosimama tangu 2020, ulitangazwa kuanza tena tarehe 5 Mei 2025.

Mpango wa pili nao wazuiwa

Baada ya kushindwa, Biden alianzisha mpango uitwao SAVE, ambao uliweka rejesho kulingana na kipato na kuzuia riba isiyolipwa isiongezwe kwenye deni. Watu wapatao milioni 8 walijiunga. Majimbo yalishtaki tena, na mwezi Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Nane ikatoa zuio dhidi ya mpango mzima.

Waliojiunga wakabaki njia panda. Waliambiwa wasilipe kwa muda, lakini miezi hiyo haikuhesabiwa katika safari ya kuelekea msamaha, na tangu tarehe 1 Agosti 2025 riba ilianza tena kuhesabiwa kwenye madeni yao. Mtu aliyepanga kodi ya nyumba na malezi ya watoto kwa rejesho la dola 80 hakuweza kujua kama mwaka unaofuata angelipa 80 au 300, na kwa familia ya kipato cha kati kutojua huko ni hasara halisi: huahirisha kununua gari la kwendea kazini, huahirisha kupata mtoto, huogopa kubadili ajira.

Anayechelewa huadhibiwa mahali pengine pia. Kampuni zinazohifadhi taarifa za ukopaji humpa kila mtu alama kati ya 300 na 850 kulingana na alivyolipa madeni yake, na alama hizo hutazamwa na mwenye nyumba ya kupanga, muuza magari, benki ya mkopo wa nyumba na, katika majimbo mengi, hata kampuni ya bima ya gari. Taarifa za waliochelewa kulipa mikopo ya elimu zilipoanza tena kupelekwa huko mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025, watu waliokuwa na alama nzuri walishuka kwa zaidi ya alama 100 ndani ya muda mfupi, na deni la chuo likageuka kuwa bei ya juu ya kila kitu kingine.

Ukomo mpya

Sheria kubwa ya kodi na matumizi aliyoitia saini Trump tarehe 4 Julai 2025 imeandika upya sehemu kubwa ya mfumo. Mipango kadhaa ya marejesho, SAVE ukiwemo, inaondolewa kwa awamu, na kuanzia tarehe 1 Julai 2026 unaletwa mmoja ambao rejesho lake ni asilimia 1 hadi 10 ya kipato, lisilopungua dola 10 kwa mwezi, na msamaha hupatikana baada ya miaka 30. Una jambo jema: riba isiyofunikwa na rejesho hufutwa, hivyo deni halivimbi. Lakini miaka 30 ina maana kwamba aliyehitimu akiwa na miaka 25 anaweza kulipa mpaka afikishe 55.

Badiliko lenye makali zaidi ni ukomo wa kukopa. Mkopo maalumu uliowaruhusu wanafunzi wa shahada za juu kukopa gharama yote ya masomo unafungwa kwa wakopaji wapya. Wa shahada za uzamili wanawekewa ukomo wa dola 100,000 kwa jumla, na wa fani za kitaaluma kama udaktari na sheria dola 200,000. Watetezi wanaona kwamba vyuo vitalazimika kushusha ada, jambo ambalo huenda likatokea katika baadhi ya programu. Wapinzani wanakumbusha kwamba miaka minne ya udaktari katika vyuo vingi inapita dola 200,000, na kwamba katika rasimu ya kanuni iliyokubaliwa mwishoni mwa 2025, orodha ya fani za kitaaluma ilikuwa na theolojia na tiba ya mifugo lakini haikuwa na uuguzi.

Kutengwa huko kunagusa moja kwa moja nyumba za wazungumzaji wa Kiswahili huko Marekani. Uuguzi ni moja ya njia ambazo wahamiaji kutoka Kenya wamezitegemea kwa muda mrefu, na kwa miaka kadhaa hadi 2024 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nyingine zote waliopokelewa Marekani. Mwanafunzi aliyekuja kwa viza ya masomo hana haki ya mikopo ya serikali kuu, lakini mwenye ukaazi wa kudumu na mkimbizi aliyepokelewa rasmi wanayo, na ndiyo iliyowawezesha watoto wengi wa familia hizo kuingia chuoni, kwa kuwa mkopo wa shahada ya kwanza hautazami alama za ukopaji wala haudai mdhamini.

Benki binafsi zinataka vyote viwili. Muuguzi anayetaka kusomea shahada ya juu akifikia ukomo wa serikali atatakiwa kuonyesha historia ndefu ya kukopa na kulipa, au kuleta mdhamini mwenye historia hiyo, jambo gumu kwa nyumba ambayo wazazi walifika nchini miaka sita iliyopita na hulipa karibu kila kitu kwa fedha taslimu. Akikubaliwa, riba yake inaweza kupanda na kushuka pamoja na soko kwa muda wote wa mkopo, hatakuwa na mpango wa rejesho unaofuata kipato wala msamaha wa mtumishi wa umma, na kwa sheria ya mwaka 2005 mahakama ya ufilisi haitamfungulia mlango kwa urahisi zaidi kuliko inavyomfungulia mdaiwa wa serikali.